Jiwe la kusagia la bibi limefika nyumbani

Jana tumelibeba watu watatu kutoka kwenye mahame yetu ya zamani, huku Dodoma. Kijiji hakipo tena. Watu walihamishwa wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, serikali ilipowakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, tembe zikaachwa, mvua ikazirudisha kuwa udongo. Ukipita leo unaona mibuyu na vichuguu tu. Jiwe lilikuwa limelala kifudifudi chini ya mbuyu, na bibi alilitambua kabla hatujaligeuza.

Katikati limelika, limekuwa shimo kama bakuli. Bibi aliingiza kiganja mle akasema, "Hapa alianza mama wa mama yangu." Vizazi vya wanawake wamepiga magoti hapo alfajiri wakisaga uwele na mtama, mpaka mwamba ukakubali. Nilishindwa kusema neno.

Sasa liko chumba cha nyuma pamoja na kinu na mchi, vibuyu vitatu, ungo, na jembe lililolika hadi likabaki kama kijiko. Vya mti nimeviinua juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Kihenge, ghala la nafaka, hatukukiokoa, kilishaoza, na hilo linaniuma sana.

Kila jioni namrekodi bibi akitaja majina ya kila kitu kwa Kigogo na namna kilivyotumika. Ndugu zangu, mkiwa na kinu cha bibi nyuma ya nyumba, tafadhali msikipasue kuni. Nipigieni, nitakuja kukichukua mwenyewe.