Korija mbili Lübeck

Desemba moja shangazi yangu alikuja kunitembelea Ujerumani, nikampeleka Lübeck, kwenye soko la Krismasi la mtindo wa kale kando ya Kanisa la Mtakatifu Maria. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Shangazi ameuza khanga Kariakoo miaka mingi. Taa na peremende hazikumshughulisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha ngozi za manyoya.

Mwenye kibanda, mzee aliyevaa joho kama wafanyabiashara wa Hansa, ule muungano wa kale wa miji ya biashara, alikuwa na fungu la ngozi za sungura lililobanwa kati ya vibao viwili. Shangazi akapitisha kidole pembeni, midomo ikicheza, kama anavyohesabu doti.

"Arobaini. Hebu muulize."

Zilikuwa arobaini kweli. Mzee akasema hiyo ndiyo zimmer moja, na Waingereza nao waliita timber, idadi ileile. Ngozi kubwa za ng'ombe zilihesabiwa kumikumi.

"Korija mbili tu hizo, mwanangu. Ana maneno mengi huyu."

Mzee alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Akatupeleka hadi Novgorod, Urusi, ambako Wajerumani walikuwa na kituo chao, Peterhof. Huko walinunua ngozi za kindi wa majira ya baridi, mgongo wa kijivu na tumbo jeupe, wakazishindilia maelfu kwa maelfu ndani ya mapipa. Kwa kuwa ngozi zilikwenda kwa idadi, si kwa mizani, ugomvi ulihamia kwenye ubora. Wajerumani walidai ngozi za ziada, bure, kufidia zile mbovu, na Warusi wakalalamika sana. (Ivan III, mtawala wa Moscow, alikuja kukifunga kituo hicho mwaka 1494, ila hilo lilikuwa zaidi la siasa.)

Nilipofika, katika kumtafsiria, kwenye ngozi za bure, Shangazi akanidaka mkono.

"Nyongeza! Kumbe wanaijua! Mwambie na mimi naitaka."

Akachukua ngozi mbili, bei wakaipigania kwa vidole bila kunihitaji. Mzee akacheka, akaongeza mkia wa mbweha. Shangazi akaupuliza manyoya yakaachana, akachungulia ngozi chini, akaurudisha mezani.

"Una upara. Atoe mwingine."

Akatoa.