Apu 23 kwenye simu na bado nikakosa prezentesheni

Jamani habari zenu. Kuna mdogo wangu anakuja huku kusoma muhula ujao, kaniomba nimtajie apu za kuweka kwenye simu kabla hajapanda ndege, nikaanza kumjibu kwa meseji nikaona inageuka barua, basi bora niimwage hapa kila mwenye kuokota aokote.

Kwanza kisa. Muhula wangu wa kwanza nilikuwa na apu 23 za kupanga maisha, nilizihesabu. Za orodha ya kazi zilikuwa tatu, ya kukumbushwa kunywa maji ipo, ya kupima usingizi ipo (usingizi wenyewe wa masaa manne unapima nini sijui). Notion, apu ya kuandikia noti na kupanga kazi, nilikaa nayo wikiendi nzima naipamba, kila kozi na rangi yake na kijipicha chake, ikapendeza kweli, asaimenti sijaandika hata mstari mmoja. Sasa siku hiyo mwenzangu wa kundi, naye anaongea Kiswahili kama mimi, kanitumia sauti kwamba kesho tukutane saa nane tupitie prezentesheni kisha tuingie darasani. Mimi saa nane ni saa nane, mchana, nikajaza 14:00. Yeye kakaa huku miaka minne ulimi umeshahama, saa nane yake ni 8:00 asubuhi. Nimefika pale 13:50, shati limenyooka, nafungua mlango nakuta watu wengine kabisa wanabishana mambo ya kemia wananitazama kama nimekuja kusoma mita. Natoa simu mfukoni, simu 11 sijapokea. Wenzangu walishamaliza zamani, slaidi zangu kazisoma mtu mwingine.

Tangu hapo nina sheria moja na ndiyo kiini cha haya yote: kila kitu chenye saa kinaingia kwenye kalenda moja tu, kwa tarakimu za masaa 24, na mtu akinitajia saa kwa mdomo namuuliza "hiyo ni ngapi kwenye simu?" Natumia Google Calendar kwa sababu iko kwenye simu na kwenye laptopu na haina mbwembwe, lakini hata ile iliyokuja na simu yako inatosha. Vyuo vingi vinakupa linki ya ratiba ya vipindi, unaibandika mara moja kwenye kalenda kwa kompyuta halafu ukumbi ukibadilishwa inajibadilisha yenyewe, ingawa wakati mwingine inachelewa kusoma mabadiliko hivyo asubuhi bado chungulia imeli ya chuo. Shifti za kazi nazipaka nyekundu. Si kwa urembo, viza nyingi za mwanafunzi zina kikomo cha masaa ya kazi kwa wiki na bosi akikubembeleza uongeze shifti yeye hahesabu, anayepoteza viza ni wewe, kwa hiyo Jumapili natazama wekundu wa wiki nzima najumlisha. Dedilaini naziweka mara mbili, siku yenyewe na siku tano kabla, ile ya siku tano kabla ndiyo ninayoiogopa.

Kuna na hili la majira. Kwetu Afrika Mashariki saa haibadilishwi mwaka mzima, iko palepale UTC+3 (masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa), lakini nchi nyingi za huku wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka. Ile tofauti uliyoikariri na nyumbani inaongezeka au kupungua saa nzima, unampigia mama unakuta kashalala. Ukiweka tukio kwenye kalenda unaweza kulichagulia ukanda wa saa, chagua Nairobi au Dar es Salaam kwa mambo ya nyumbani, hesabu yote inafanya simu.

Sasa kusoma. Hapa nitasema Anki, apu ya kadi za kukariri, na nitaisema sana kwa sababu imeniokoa. Sura yake mbaya kiukweli, kama programu ya miaka ya 2000, na si ajabu maana ilitoka 2006. Jina lenyewe ni la Kijapani, maana yake kukariri. Unatengeneza kadi, mbele swali, nyuma jibu, unajijibu kichwani halafu unaiambia ulihangaika au ilikuwa rahisi. Uliyoisahau inarudi baada ya dakika chache, uliyoijua inarudi baada ya siku, halafu wiki, halafu miezi. Mjerumani mmoja Hermann Ebbinghaus alishaandika mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka siku za mwanzo, na hii apu kazi yake ni kukudaka kabla hujaporomoka. Kwenye Android na kompyuta ni bure, kwenye iPhone unalipia. Kosa langu nililofanya: yenyewe imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku, mimi nikajiona bingwa nikaweka 60. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya tatu nafungua nakuta marudio zaidi ya 400 yananisubiri, nikaifunga nikajifanya sijaiona, kesho yake zimeongezeka. Nilirudisha 15 na sijawahi kupandisha tena. Nafanya nikiwa kwenye basi, dole gumba tu, mkono mwingine umeshika bomba.

Kutulia na kitabu nako ni vita. Forest wengi mnaijua, unapanda mti kwenye skrini, ukitoka kwenda kuchungulia apu nyingine mti unakufa. Nilicheka nilipoisikia, halafu siku mti wangu ulipokauka zikiwa zimebaki dakika mbili niliumia jamani, mtu mzima. Naiwekea dakika 25, mapumziko 5, ule mtindo wa nyanya wa Muitaliano Francesco Cirillo aliyekuwa mwanafunzi kama sisi alipoanza kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa hisabati 25 hazitoshi, naweka 50. Ila kwa TikTok mti haukunisaidia, nilichofanya nimeweka kikomo cha muda kwenye mipangilio ya simu halafu nikampa rumeti aweke pasiwedi yeye. Namwomba anifungulie ananiuliza "umemaliza ripoti?" kama mamlaka ya mapato.

WhatsApp sasa. Magrupu ya ukoo, ya kijiji, ya harusi, ya waliosoma pamoja shule ya msingi, yote yanaamka wakati wewe uko kwenye lekcha. Usijitoe, ukijitoa utaitiwa kikao. Yaweke kwenye kumbukumbu (archive), siku hizi hata meseji mpya zikiingia yanabaki humohumo hayapandi juu, unayafungua jioni kwa hiari yako. Na nikisoma simu iko kwenye Usinisumbue (Do Not Disturb), lakini ina kamlango: anayepiga mara ya pili ndani ya dakika chache anapita. Kwa hiyo nyumbani nimewafundisha, kukiwa na dharura wapige mara mbili mfululizo kwa laini ya kawaida, si WhatsApp. Ni kubipu kulekule, kumepewa kazi mpya tu.

Zinazobaki ni za haraka. Zotero kwa marejeo ya tasnifu, bure, anza nayo muhula wa kwanza usije ukaandika orodha ya marejeo kwa mkono usiku wa mwisho. Splitwise kama mnaishi wengi, umeme na intaneti kila mtu anaingiza alicholipa, inasema nani anamdai nani, inakuondolea ile aibu ya kumkumbusha mtu deni maana anayekumbusha ni simu. Google Translate kwa kamera kama nchi uliyokwenda lugha huijui, unaielekeza kwenye barua unapata maana yake, ila mkataba wa nyumba usisaini kwa tafsiri ya kamera, tafuta mtu.

Na hili la mwisho mdogo wangu fanya kabla hujaondoka. Benki nyingi za nyumbani zinatuma namba za siri kwenye laini ya nyumbani, hakikisha laini hiyo inapokea meseji ukiwa nje na usiiache izimwe kwa kutotumika. Na zile apu za kuzalisha namba za kuingilia akaunti, ukiiweka tu chukua na zile namba za akiba uandike kwenye karatasi, karatasi kabisa, ya kushika mkononi. Simu yangu ilizama kwenye ndoo ya maji, nikanunua nyingine, nikakaa siku sita siwezi kuingia kwenye mfumo wa chuo na dedilaini ndiyo hiyo inakuja, nazungushwa kutoka dirisha hili mpaka lile na kitambulisho mkononi.

Leo nina apu saba, zile nyingine nilifuta hata za maji. Mama kabipu hapa sasa hivi, mara moja tu, kwa hiyo hakuna mgonjwa ni umbea, na kalenda inasema nina dakika 40 kabla ya lekcha. Ngoja nimpigie.