Mwatiko Wanaotweta Alfajiri

Mwishoni mwa kaskazi, msimu ambao joto la Mombasa halipungui hata usiku wa manane, nilifika kwenye bwawa letu la mwatiko huko Jomvu kabla ya jua kuchomoza, nikamkuta ami yangu amekwisha kuchutama ukingoni na kopo la pumba mkononi. Samaki walikuwa wamejazana juu ya maji, midomo ikifunguka na kufumba katika utando ule mwembamba ambapo maji hukutana na hewa. "Waone, mwanangu, njaa imewazidi hata wanatuomba," akasema. Nilimsihi aweke kopo chini, naye akanitazama kama anavyotazamwa mzazi anayewanyima watoto chai.

Njaa haikuwa neno. Kipimo nilichokuwa nimeazima kilionyesha miligramu 1.4 za oksijeni kwa lita, na samaki aliyefikwa na hali hiyo hupanda juu kwa sababu tabaka linalogusana na hewa ndilo pekee lililobaki na kitu cha kuvuta. Siku ile hakufa hata mmoja. Jua lilipopanda walitawanyika, nasi tukajiona tumenusurika. Kumbe hatukuwa tumenusurika, kwani hasara kubwa ya upungufu wa oksijeni, kwa maoni yangu, haiko kwa samaki wanaokutwa wakielea, bali kwa wale wanaobaki hai mwezi baada ya mwezi bila kufikia uzito wa kuuzwa.

Sisi tunaovuta pumzi nchi kavu ni vigumu kukisia jinsi maji yalivyo maskini wa oksijeni. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni, ilhali lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 30, hata yakiwa yamejaa oksijeni kadiri yanavyoweza kubeba, huwa na miligramu 6 na kidogo, yaani kati ya mililita 4 na 5 tu. Maji hayohayo yakipoa hadi nyuzi 10 yangebeba karibu miligramu 9. Joto, basi, humnyang'anya samaki mara mbili: hupunguza oksijeni iliyomo majini, na papo hapo huharakisha umetaboli wake (kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nishati), ambao kwa kawaida huongezeka maradufu au zaidi kwa kila ongezeko la nyuzi 10, kwa kuwa mwili wa samaki hufuata joto la maji anamoishi. Isitoshe, maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, na samaki hana budi kuyasukuma bila kukoma kupitia mashavu yake, kazi ambayo nayo hula sehemu ya oksijeni ileile anayoitafuta.

Mwaka 1947, F. E. J. Fry wa Chuo Kikuu cha Toronto alieleza jambo hili kwa namna ambayo mpaka leo sijaona iliyo wazi zaidi. Kila samaki ana kiwango cha chini cha oksijeni anachohitaji ili abaki hai tu, moyo upige na chumvi ya mwili ikae sawa, na ana kiwango cha juu ambacho hawezi kukivuka hata akijitahidi vipi. Nafasi iliyo kati ya viwango hivyo viwili ndiyo mali yake ya kutumia: humo hutoka kuogelea, kusaga chakula, kutengeneza mayai na kukua. Oksijeni inapopungua majini, kiwango cha juu hushuka lakini kile cha chini hubaki palepale, kama kodi ya nyumba isiyojua kwamba biashara imelala. Kinachokatwa kwanza ni ukuaji.

Hapo ndipo kopo la ami linapohusika. Kusaga chakula na kukigeuza kuwa nyama ni kazi inayotaka oksijeni nyingi, kiasi kwamba samaki aliyetoka kula anaweza kutumia mara mbili ya ile anayotumia akiwa ametulia na tumbo tupu. Samaki anayekataa chakula katika maji yaliyopungukiwa, kwa hiyo, hana ugonjwa wala ukaidi, anaweka akiba. Akilazimika kuendelea bila oksijeni ya kutosha, seli zake hugeukia njia ya dharura ya kuvunja glukosi, ambayo hutoa molekuli 2 tu za ATP, ile sarafu ya nishati mwilini, pale ambapo njia ya kawaida hutoa takriban 30, na juu ya hayo humwachia asidi ya laktiki ambayo atailipia oksijeni baadaye. Pumba isiyoliwa nayo huzama, ikaoza, na bakteria wanaoiozesha huvuta oksijeni kutoka katika bwawa lilelile.

Kosa letu lilikuwa mbolea. Mwatiko hupenda ule ukoga unaoota sakafuni mwa bwawa, nasi tulimwaga mavi ya kuku bila kipimo ili uote kwa wingi, hata maji yakawa ya kijani kibichi. Mchana mimea hiyo hutoa oksijeni kupita kiasi. Saa tisa alasiri kipimo kilipanda hadi 11, na mtu anayepima saa hiyo peke yake angeapa kwamba bwawa ni zima. Usiku mimea haitoi chochote, bali nayo hupumua pamoja na samaki na bakteria, na akiba hupungua hadi alfajiri. Tena siku zile zilikuwa za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu. Bwawa letu liko juu, nyuma ya mikoko, na bahari hulifikia wakati wa bamvua tu, maji yanapojaa kupita siku nyingine. Katikati ya bamvua mbili maji hukaa yaleyale, yakizidi kupata joto.

Tuliacha mbolea kwa wiki tatu, tukafungua lango mara bamvua ilipofika, na saa ya kulisha tukaisogeza kutoka alfajiri hadi saa nne asubuhi, mimea inapokuwa imekwisha kufanya kazi. Siku ya kupima uzito, samaki tuliowatia kwenye ndoo walikuwa bado wadogo kwa umri wao, vichwa vikubwa na miili myembamba, kwani miezi iliyopotea haikurudi. Ami anashikilia kwamba vifaranga vya mwaka ule vilikuwa vibovu, na sikuona haja ya kubishana naye. Hata hivyo, siku hizi nikimkuta bwawani amekwisha kutumbukiza "kijiti", kama anavyokiita kipimo, huku kopo likiwa limefunikwa pembeni, naye hunisomea nambari kwa sauti kabla hata ya kuitikia salamu.