Kutoka bodaboda Thika hadi msafara wa maveterani Texas

Nimeendesha bodaboda Thika miaka sita, kwa hiyo kuzika kwa pikipiki si jambo geni kwangu. Mwenzetu wa stendi akifariki, tulipiga honi kutoka mochari hadi kaburini, matawi tumeyafunga kwenye vioo, wengine wamesimama juu ya tangi, na trafiki anajifanya haoni. Basi nilipohamia Texas, na mzee mmoja kazini aliyepigana Vietnam akaniambia kuna watu wa pikipiki wanaojitolea kusindikiza mazishi ya maveterani, nilijiambia hiyo kazi naijua.

Sikuijua.

Kundi lenyewe linaitwa Patriot Guard Riders. Lilianzia Kansas mwaka 2005, wakati waumini wa kanisa moja dogo la Topeka walikuwa wakienda na mabango ya matusi kwenye mazishi ya askari waliouawa Iraq. Watu wa pikipiki wakaja kusimama katikati na bendera zao, wafiwa wasiyaone yale mabango. Mpaka leo hawaendi bila familia kuwaita. Si lazima uwe umewahi kuvaa gwanda. Hata pikipiki si lazima, wapo wanaokuja na pikapu. Mimi ilibidi nirudi darasani kwanza, maana Texas hupati leseni ya pikipiki bila kozi, na kuendesha upande wa kulia kulinitoa jasho.

Kilichonishinda mwanzoni ni nafasi. Tunakwenda safu mbili zinazopishana: aliye mbele yako kimshazari unamwachia sekunde moja, aliye mbele yako kabisa sekunde mbili. Sasa mwambie mtu wa boda kwamba upenyo anaouona mbele si wake! Kwenye msafara wangu wa kwanza niliingia kwenye upenyo bila hata kufikiri. Kiongozi hakunifokea. Tulipofika alinivuta kando, akasema taratibu, "Ndugu yangu, tunayemsindikiza hana haraka." Tangu siku hiyo nachagua nguzo au kibao kando ya barabara, wa mbele akikipita naanza kuhesabu ndani ya helmeti, moja, mbili, ndipo nifike mimi. Nahesabu kwa sauti. Kichwani peke yake nadanganya.

Halafu kuna kusimama. Watu hudhani kazi ni kuendesha, kumbe sehemu kubwa umeshika bendera tu, umenyooka, husemi, simu imezimwa. Julai moja nilikaza magoti kama kuruta, na baada ya robo saa nikaanza kuona giza pembeni mwa macho. Mzee yule wa Vietnam alikuwa jirani yangu kwenye safu. Bila kugeuza shingo akanong'ona, "Legeza magoti." Nikayalegeza, macho yakarudi. Sasa hivi nakunywa maji tangu usiku wa kuamkia, na magoti siyakazi tena.

Mazishi ninayoyakumbuka zaidi yalikuwa makaburi ya kitaifa ya Dallas-Fort Worth, ya veterani asiye na ndugu hata mmoja. Tulikuwepo sisi, wafanyakazi wa makaburi, na askari wawili, ambao ndio idadi ya chini kabisa inayotakiwa kisheria. Walikunja bendera polepole hadi ikawa pembetatu. Mmoja alikuwa ameshapiga tarumbeta, au tuseme alilishika mdomoni, kwa sababu siku hizi mara nyingi kuna kifaa ndani kinachotoa mlio uliorekodiwa. Mwanzoni niliona ni kama kumdanganya marehemu. Lakini ule mlio ukishaanza, hilo husahaulika.

Bendera ilipokelewa na kiongozi wetu, maana hapakuwa na wa kupokea. Injini zote zilikuwa zimezimwa, hakuna aliyekohoa. Nikatazama mkono wangu: kidole gumba kilikuwa kinapapasa mlingoti wa bendera, kinatafuta honi.