Filamu za posta au duka la mtaani? Mimi nabaki na duka

Ndugu zetu wanaofika Marekani siku hizi wakisikia bado nakodi DVD dukani wananishangaa, wanaona kama nimekwama enzi za kale, sasa acha niseme vizuri maana huu ubishi wa kukodi filamu dukani au kuletewa kwa posta sisi tuliokuja miaka ya 2000 mwanzoni tumeubishana sana hapa Seattle.

Zamani ile ukitaka filamu unaenda Blockbuster, kampuni ya maduka ya kukodisha filamu. Mwaka 2004 walikua na maduka kama 9,000, kila mtaa lipo. Unachagua, unalipa, unapewa siku ya kurudisha, ukipitiliza faini. Kwa mtu anayepiga shifti za usiku kulea wazee, gari hana, anategemea basi, zile faini zilikua zinauma kweli. Ndio maana Netflix walivyoanza kutuma DVD kwa posta mwaka 1998 alafu 1999 wakaleta malipo ya mwezi, watu wengi wa kazi kama zetu wakahamia huko. Kanda za VHS zilikua nene na nzito, kuzituma kwa posta ghali, lakini DVD inaingia kwenye bahasha kama barua. Inakuja bahasha nyekundu, unaangalia ukiwa na nafasi, hata ukae nayo mwezi hakuna faini, ukimaliza unaichomeka humo humo, stempu wameshalipa wao, unatumbukiza kwenye sanduku la posta pale kona, wakiipokea wanakutumia inayofuata kwenye orodha yako. Kwa bei na kwa kutosumbuliwa posta ilishinda, sibishi. Mwaka 2000 Netflix waliwaomba Blockbuster wawanunue kwa dola milioni 50 wakakataliwa, na 2010 Blockbuster wakafilisika.

Ila mimi nilichokiona ni kwamba posta inakuletea kile unachokijua tayari. Mara nyingi inabidi uwe na jina la filamu, uliandike sawasawa, uliweke kwenye foleni, alafu inakuja Jumatano wakati wewe umeagiza ukiwa na hamu ya Jumamosi, wageni wamejaa sebuleni, pilau ipo mezani, na DVD iliyopo ni ya vita ambayo watoto hawatakiwi kuiona. Sisi hatukukulia na majina ya waongozaji wa Kimarekani. Utaandika nini?

Mama alivyokuja kututembelea kutoka Tanga ndio nikaelewa zaidi. Mama Kiingereza hajui, na filamu zake ni za Kihindi, zile za zamani alizokua anaziangalia sinema akiwa msichana, majina kashasahau lakini sura hasahau. Nikampeleka Scarecrow Video, duka la kukodisha filamu lililoanza 1988, sasa lipo pale Roosevelt Way karibu na Chuo Kikuu cha Washington. Filamu wanazo zaidi ya 140,000, rafu zimepangwa kwa nchi na kwa waongozaji. Mama akasimama mbele ya rafu za India, akaweka kidole kwenye kava lenye picha ya mwigizaji Hema Malini, akasema "huyu, huyu". Kijana wa dukani hajui hata neno moja la Kiswahili lakini alielewa papo hapo, akaanza kuchomoa kava moja moja anamuonyesha, mama anatikisa kichwa hapana, hapana, ya nne akaishika kwa mikono miwili na kuanza kuniimbia wimbo wake pale pale mbele ya watu. Sasa niambieni hiyo orodha ya posta ingemsaidiaje mama yangu.

Na kwa watoto pia ni hivyo, wanazunguka rafu wanakuta Senegal, wanakuta Mali, wanauliza maswali, wanabishana, mmoja anakubali kusubiri zamu yake wiki ijayo. Wameshazoeana na wauzaji, wanasalimiwa wakiingia.

Sio kwamba posta ni mbaya, hapana. Ndugu zetu walio kwenye miji midogo ya viwanda vya nyama kule katikati ya nchi, duka hakuna, wao posta ilikua mkombozi. Lakini tazameni imekuaje: Netflix walifunga huduma ya DVD tarehe 29 Septemba 2023, wateja wakaachiwa zile za mwisho walizokua nazo, basi ikaishia hapo. Kampuni ikiona hailipi inaondoka na makabati yake yote. Scarecrow yenyewe ilikaribia kufa, mwaka 2014 ikageuzwa shirika lisilo la faida, watu wa mji wakachanga, na leo ndio wao wanaotuma filamu kwa posta kwa walio mbali. Kwahiyo aliye mbali hajakosa kabisa.

Ukiwa hapa Seattle nenda mwenyewe, na nenda na wazee wako wakija. Ukiwa Portland ulizia duka la Movie Madness, nao wanakodisha mpaka leo.