Geji ya mafuta ya Hilux yangu: nilianzia mbele, ubovu ulikuwa nyuma

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli ya miaka ya 90. Nabebea ndizi kutoka Kibosho kushuka Moshi mjini, na wiki nyingine nafika nazo mpaka soko la Kilombero, Arusha. Karibu mwaka mzima geji yake ya mafuta ilikuwa haieleweki. Najaza tangi, mshale unasimama nusu. Naruka tuta moja, unaanza kulala kuelekea E, yaani tupu. Nikifika Boma Ng'ombe umeshaamka.

Nikauzoea, na hapo ndipo nilipoumia. Siku mafuta yalipoisha kweli niliuona mshale uko E, nikasema ni yale yale. Gari likazima karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, saa moja usiku, ndizi za watu ziko nyuma. Na dizeli ikikauka huongezi lita tano ukaondoka. Hewa inakuwa imeshaingia kwenye mipira, lazima upampu kwa mkono pale kwenye filta mpaka povu liishe.

Fundi wa kwanza alisema geji imekufa, nikanunua dashibodi ya mtumba. Mshale mpya ukacheza vilevile.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme, Majengo. Kabla hajashika chochote akaniuliza, "Geji ya joto la injini nayo inacheza?"

"Hapana mzee, hiyo imetulia."

"Basi dashibodi iache, kijana wangu."

Akanieleza kwamba kwenye Toyota za umri ule geji ya joto na ya mafuta zinapata umeme uliopunguzwa sehemu moja. Ingeharibika sehemu hiyo, zote mbili zingeyumba. Kisha akaingia chini ya gari, akachomoa soketi ya boya, kile kifaa kinachoelea ndani ya tangi kupima mafuta, akaniambia niwashe swichi. Mshale ukabaki E. Akaunganisha waya wa geji uliokuwa kwenye soketi hiyo na bodi ya gari kupitia balbu ndogo, ili geji isiungue, na mshale ukaanza kupanda kuelekea F, yaani tangi limejaa. Ulipanda polepole, nikadhani umekwama. Kumbe geji hizi ndani zina kibati kinachopashwa joto na umeme hadi kipinde, kwa hiyo lazima uusubiri.

Jaribio hilo la dakika tano lilionyesha kwamba dashibodi na waya wote wa mbele ni vizima. Ningelijua mapema, ile hela ya mtumba ningenunulia matairi.

Kilichobaki ni boya lenyewe na ethi yake, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Mzee akaweka mita ya umeme kati ya mfuniko wa boya na hasi ya betri. Panapotakiwa karibu sifuri, ilisoma omu 40 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na akiutikisa waya namba zinaruka. Ethi ilikuwa imefungwa kwenye chesisi kwa bolti iliyoliwa na kutu, matope ya Kibosho yamejaa. Kwenye geji hii omu zikiongezeka mshale unashuka, ndiyo maana tangi lililojaa lilisoma nusu. Tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga bolti mpya, tukapaka grisi juu.

Ikatulia, ila ikawa bado inaanguka kila mafuta yakifika katikati. Wiki iliyofuata, tangi likiwa karibu tupu, tukatoa waya wa betri, tukashusha tangi uwanjani, mbali na moto, tukalitoa boya. Mkono wa boya ukiwa chini mita ilisoma kama omu 110, ukiwa juu kabisa kama 4. Lakini ukiupandisha taratibu, pale katikati ilikatika kabisa. Njia ambayo mguso wa mkono huo unateleza juu yake ilikuwa na utando mweusi. Tuliisafisha kwa kitambaa laini, mzee akaukaza kidogo sana mguso wake, tukaurudia mkono juu na chini zaidi ya mara kumi mpaka namba zikateremka bila kuruka.

Tulipofunga, nilimimina dizeli lita tano tano, kila mara nasubiri mshale utulie, nikaandika uliposimama. Karatasi hiyo ninayo kwenye droo ya gari. Nikipanda Kibosho mshale bado unasogea, maana mafuta yanakimbilia upande wa chini wa tangi, hiyo si hitilafu. Nausoma nikishafika tambarare.