Chupa ya Maji ya Dada

Tangu niko darasa la tatu nilikuwa na kazi moja ya asubuhi: kujaza chupa ya dada. Ni ile ya lita moja na nusu ya maji ya dukani, karatasi yake ilishabanduka zamani. Dada alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na mwenye selimundu akipungukiwa maji mwilini anayaita maumivu. Basi naijaza mtungini, naiweka karibu na mto wake, ndiyo naenda shule.

Alifariki kipupwe cha mwaka 2023, hapa Tanga. Usiku wa baridi, kifua kikambana, hata siku mbili hazikutimia. Yeye 24, mimi 19.

Msibani sikulia. Nafasi ningeipata wapi? Viti, turubai, sufuria za watu, anayetumwa ni kijana wa nyumba. Makaburini tulishuka watatu kumpokea na kumlaza mwanandani, nikashangaa alivyo mwepesi. Kila aliyenishika mkono aliuliza, "Mama anaendeleaje?" Mjomba akaniambia, "Jikaze, mjomba, mama akikuona unalia atavunjika." Nikajikaza. Siku ya tatu tanga likaanuliwa, watu wakarudi makwao. Asubuhi ya nne nikajikuta mbele ya mtungi, chupa imejaa mkononi.

Nikaendelea kuijaza wiki tatu nzima. Mchana naificha uvunguni, usiku naenda kuyamwaga kwenye shina la mwarobaini uani.

Kumkosa kuliuma, lakini kilichonitafuna hasa ni uzima wangu. Baba mmoja, mama mmoja, yeye anashinda wodini, mimi niko uwanjani. Na nilishawahi kumnunia kwa kuwa kipande kikubwa cha samaki ni chake siku zote!

Mama mdogo ndiye aliyeiona chupa. "Mwanangu, unamjazia nani?" Hapo nikalia mpaka kwikwi. Hakuninyamazisha, alivuta ungo akaendelea kuchambua mchele pembeni yangu mpaka nilipomaliza. Nikamwambia yote, hata la samaki.

Kesho yake akanipeleka kliniki aliyokuwa akihudhuria dada, nikaomba nipimwe. Majibu yalipotoka, muuguzi alichora nyuma ya karatasi: baba amebeba jeni moja ya selimundu, mama moja, kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto augue, mbili abebe tu kama wao, moja asiwe nayo kabisa. Mimi nimebeba. Ajabu, nilitoka pale nikiwa mwepesi kidogo. Kumbe hata jeni hiyo tuligawana, mimi na dada.

Mpira nilirudi baada ya hitima ya arobaini. Siku ya kwanza nilifunga goli, nikacheka, halafu nikajiona msaliti, nikaondoka kabla ya filimbi. Wiki iliyofuata nilimaliza mechi.

Chupa ninayo bado, naenda nayo uwanjani. Wenzangu wanajua: maji wanywe watakavyo, chupa irudi.